Karani wa Mizani

Daftari limeliwa na mchwa upande wa madeni;
upande wa nyimbo wameuacha.
Bibi yangu Somoe alicheka: hata mchwa wa Lindi
wanajua kipi hakilipwi.

Mfaume Nangumbi, karani wa mizani
dukani kwa Jivraji, mtaa wa Ndoro.
Asubuhi nta ya Ruangwa, ufuta, mpira wa porini,
jiwe huku, gunia kule,
na midomo ikihesabu, watu wakidhani ni ratili.
Ilikuwa silabi. Nane kwa nane.
Gunia likipungua alisema limepungua,
na wimbo vivyo hivyo.

Wa kwanza aliuuza hela kumi
kwa Wamwera wawili waliotaka kumsuta
mnyapara wa shamba la mkonge.
Pembeni, kwa herufi za Kiarabu:
*Wamelipa sita. Nne watalipa wakivuna.*
Hawakuvuna. Vita vilikuja vikawavuna wao.

Ya vita kuna kurasa tatu.
Alibeba sanduku la risasi kichwani mpaka Mahiwa
na wapagazi wakaimba alichowapa,
wimbo usio na beti la mwisho
maana hakuna aliyeambiwa safari inaishia wapi.
Kwenye safu ya bei ameweka kistari.

Halafu beni, na mji ukapasuka kama embe dodo.
Marini, kofia nyeupe, watoto wa mjini,
waliingia mlango wa mbele: tutungie, tuwatukane.
Arinoti, makuli na watu wa bara,
walipita uani usiku: tutungie, tuwajibu.
Akapokea shilingi za huku na za huku
akazifunga fundo moja kwenye ncha ya shuka.
Wiki sita alijibizana na nafsi yake,
Lindi nzima ikishangilia.

Mpaka Arinoti wakasema:
sasa tunamtaka mtunzi wao. Mvue nguo.

Aliomba siku mbili. Bibi anasema hakula.
Ijumaa, baada ya swala, wakateremka kutoka Mtanda
na tarumbeta zao za bati:

*Mtunzi wenu wa Ndoro, kalamu yakopa wino,*
*Anauza kwa uporo, yake yote ni maneno,*
*Mkishikana mikono, vihesabuni vidole.*

Watu walikaa chini kwa kicheko.
Yeye alisimama kati ya Marini, kofia nyeupe,
akapiga makofi kuliko wote.
Lakini tazama mstari wa tatu:
kina cha mwisho kimehamia katikati,
na mwishoni pameingia mgeni.
Mfaume, aliyemrudisha mtu Mingoyo kwa miguu
kwa sababu ya silabi moja!
Nilimuuliza Bibi. Akasema,
siku ile mkono ulimtetemeka, basi.
Kisha akaongeza, akichambua mchicha:
na mimi ndiye niliyemshikia taa.

Sijui alimaanisha nini. Sikuuliza tena.

Mwaka Jivraji alipoleta gramafoni
walijaa mpaka barazani.
Sahani nyeusi ikazunguka, ikakohoa,
ikaimba wimbo wa wapagazi,
sauti ya mtu wa mbali, jina la mtu wa mbali,
na beti la mwisho walilolitia wenyewe.
Mfaume hakusema kitu.
Ulipokwisha aliichukua ile santuri
kwa ncha za vidole, kama mkate wa moto,
akaiweka kwenye mizani.

*Santuri moja. Nusu ratili, imezidi kidogo.*
*Shilingi tatu. Sina.*

Hapo nyimbo zinakoma.
Miaka kumi na moja iliyobaki ni hesabu za duka,
na mimi nilikuwa nazifunua haraka haraka,
nikitafuta jina langu la ukoo, au jina la Bibi,
mpaka ulimi ukajikwaa nikasoma kwa sauti:

*Nta Ruangwa frasila, mbili na ratili sita.*

Nikahesabu kwa vidole.
Nikarudi ukurasa wa kwanza wa nta.